Lifti ya Mama Baridi

Barua ilimkuta Mama Baridi amevaa glavu nene hadi viwikoni, anamimina naitrojeni ya majimaji kutoka kwenye mtungi mkubwa kwenda kwenye chupa ya kuhifadhia baridi, kazi ambayo ukiikosea inakubandua ngozi. Simu ilitetemeka mfukoni. Hakuigusa. Alimaliza kumimina, akafunga kizibo, akaandika saa na kiasi kwenye daftari la mashine, ndipo akavua glavu moja moja. Ndivyo alivyo. Miaka kumi na minane kwenye maabara ile ya fizikia hajawahi kuacha kazi katikati kwa sababu ya simu. Angejua kilichoandikwa humo, labda siku hiyo angeimwaga naitrojeni yote sakafuni na kwenda zake nyumbani.

Barua ilitoka kwa jopo la uteuzi la chuo kikuu cha ng'ambo alikokuwa ameomba nafasi ya shahada ya uzamivu yenye ufadhili kamili. Ilikuwa na adabu tele, na adabu ya barua za namna ile ndiyo inayoudhi kuliko tusi. Ilisema kwamba barua ya mapendekezo aliyoandikiwa na Profesa wake inafanana mno, kwa mtiririko na kwa maneno, na barua nyingine tisa ambazo jopo lilikwisha kuzipokea kutoka idara hiyo hiyo. Ikasema kwamba kazi ya lifti inayosimuliwa humo kama kazi yake ilikwisha kusimuliwa miaka sita iliyopita kama kazi ya mwombaji mwingine, ambaye sasa ni mtafiti kwenye maabara yao. Kwa hiyo ombi lake limesimamishwa. Alikuwa na mpaka Ijumaa saa sita mchana kuleta barua mpya iliyoandikwa na mdhamini mwenyewe, au maelezo ya kuridhisha.

Aliisoma mara tatu. Mara ya kwanza hakuelewa. Mara ya pili alielewa. Mara ya tatu damu ilimchemka mpaka masikio yakawa moto, kwa sababu alikuwa ameitwa mwizi kwa lugha ya kistaarabu, na mali aliyoambiwa ameiba ilikuwa yake mwenyewe. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi.

Huwezi kuielewa hasira yake kama humjui, basi acha nikujulishe kwake. Aliingia pale akiwa na miaka ishirini na mmoja, ana cheti cha ufundi wa umeme na sketi mbili alizoshonewa na kijana mmoja fundi cherehani, aliyekuwa akichelewesha nguo zake makusudi ili arudi tena kuziulizia. Huyo ndiye mumewe leo, na bado huchelewesha nguo za watu, ila sasa kwa uvivu tu. Chuoni aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara, maana yake kuosha vioo, kufungua milango na kuhesabu viti. Kwenye kona kulikuwa na mtambo wa kugeuza hewa kuwa naitrojeni ya majimaji, umefunikwa turubai, umekufa miaka minne. Wataalamu wawili walishauandikia ripoti za maziko. Yeye aliufunua, akatafuta kitabu cha maelekezo stoo, akakisoma sura baada ya sura wakati wenzake wanakunywa chai, akafungua bomba moja moja na kulisafisha. Mwezi wa saba mtambo ulikohoa, ukatoa moshi mweupe, ukaanza kazi. Tangu siku hiyo wanafunzi wakamwita Mama Baridi, na hata mhasibu wa chuo humwita hivyo hivyo.

Bila baridi yake idara isingekuwa na cha kutafiti. Profesa, mkuu wa idara, alikuwa ameshika mambo ya kompyuta za kwanta, zile zinazofanya hesabu kwa vitu vidogo mno, vinavyovurugwa na joto kidogo, na mtikisiko kidogo, na umeme unaopita jirani. Kompyuta yenyewe idara haikuwa nayo. Ilikuwa na kipande cha metali chembamba kama ukucha, kimezamishwa kwenye baridi, na vipimo vya kusikiliza tabia zake. Shida ikawa vipimo vinasikia makelele. Sindano ya kipimo inatulia, inatulia, halafu inaruka bila sababu. Profesa alilaumu nyaya. Wanafunzi walilaumu mtambo.

Mama Baridi hakulaumu kitu. Alivuta kiti, akafungua daftari la mashine, akawa anaandika kila sindano iliporuka: saa, dakika, nani yumo chumbani, nini kimewashwa. Wiki ya nne aligundua kwamba siku mbili ambazo lifti ya jengo iliharibika, sindano ilikaa kimya kama imelala. Basi akahamishia kiti chake karibu na ukuta wa lifti, akawa anaandika kila inapopita. Ilipita mara mia mbili na kumi na nne, na kila ilipopita, sindano iliruka. Akabadilisha njia ya waya wa ardhi, akazifunga nyaya zote kwa karatasi ya shaba aliyoikata kwa mkasi wa mumewe, akalehemu viungo upya kwa mkono wake. Makelele yakaisha. Profesa aliandika makala kuhusu matokeo yale, akapongezwa mpaka akanenepa. Mama Baridi aliwekwa mwisho kabisa, kwenye shukrani, na hata hapo hawakuandika jina. Waliandika "na fundi wa maabara."

Haya, sasa tuje kwenye hizo barua, maana uozo wote ulianzia huko. Kila mwaka hutoka matangazo ya nafasi za uzamivu zenye ufadhili: karo, posho, tiketi ya ndege, vyote vimelipiwa. Mwombaji anatakiwa awe na barua ya profesa anayemfahamu vizuri. Mwanafunzi alipokwenda kuomba, Profesa hakuinua hata kichwa. Jibu lilikuwa moja tu: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Wanafunzi walimwita Profesa Niletee kwa sababu hiyo, na nadhani mpaka leo hajui.

Kijana wa miaka ishirini na tatu atajisifuje kwa sauti ya mzee mwenye vyeti ukutani? Walishuka maabara, wakasimama mlangoni wakijikuna kichwa. Na kusema kweli, nani mwingine aliwahi kuwaona wakishika kifaa? Mama Baridi aliwakalisha kwenye stuli, akawauliza maswali, akawaandikia. Hakuanza na yale ya "nina furaha kubwa kumpendekeza." Alianza na siku. Siku pampu ilipokwama, siku umeme ulipokatika katikati ya jaribio, na huyu mwanafunzi akafanya hivi na hivi. Kisha, pahali fulani katikati, aliweka sentensi aliyoipenda: kifaa kinapogoma, mtu huyu haulizi nani amekiharibu, anauliza kinataka nini. Profesa alisaini bila kusoma. Tisa waliomba chuo kile cha ng'ambo, wakapata saba.

Mmoja wao aliitwa Bingwa, kwa sababu ya magoli aliyoifungia timu ya kitivo. Kwa hesabu za karatasini alikuwa moto wa kuotea mbali, lakini mikono yake ilikuwa ya mkosi, alishavunja vipimajoto viwili na kuunguza kipimo kimoja. Tangazo lilitaka mfano wa tatizo la maabara alilolitatua. Hakuwa nao. Alikaa kwenye stuli macho yamejaa machozi, na dirisha la maombi linafungwa kesho yake. Mama Baridi alimtafutia siku kichwani mwake, akaikosa, akamwonea huruma, akampa ya kwake. Akampa lifti, yote, na wiki zake tano. Aliona si kitu, kwani Profesa mwenyewe hakuwahi kuuliza ni nani aliyeigundua. Bingwa alipata nafasi, akaondoka mwezi wa tisa.

Kosa lilikuwa hilo, na sitalifunika. Lakini ulitazame vizuri: lingewezekana wapi kosa kama hilo, kama si mahali ambapo anayejua haandiki na anayesaini hajui?

Mama Baridi alisoma shahada ya kwanza kwa masomo ya jioni, kisha ya uzamili, miaka tisa kwa jumla, mkono mmoja kitabu na mwingine mtoto. Mwaka huu likatoka tangazo ambalo mumewe alilisoma akasema, "Hawa watu wanakujua wewe?" Walitaka mtu wa kutafiti namna ya kuyatafuta na kuyanyamazisha makelele kwenye nyaya za kompyuta za kwanta. Mwombaji asizidi miaka arobaini. Yeye alikuwa na thelathini na tisa na miezi kumi. Hapakuwa na mwakani.

Alikwenda kwa Profesa kama kila mtu. "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Akaandika wiki mbili, barua ya kurasa mbili, yeye ambaye za wengine alizimaliza kabla chai haijapoa. Aliona haya kujisifu. Mumewe alimnyang'anya rasimu tatu zilizosema "anajitahidi" akazichana. Mwishowe akaandika kweli tupu: mtambo, lifti, na ile sentensi yake, ambayo tangu mwanzo ilikuwa inamhusu yeye. Mama Baridi hakumsahau Bingwa. Alijua yuko maabara ile ile ya ng'ambo, akaona ni bahati, atakuwepo wa kumsemea.

Ndiyo maana Jumatatu ile alipanda ngazi mbili mbili mpaka ofisini kwa Profesa. Lifti hakuitazama.

Profesa aliisoma barua ya jopo akiwa amesimama, kisha akakaa. "Wewe uliandika nini humu?"

"Niliandika nilichofanya."

"Mbona inafanana na za wengine?"

"Kwa sababu za wengine niliziandika mimi."

"Zote?"

"Zote, Profesa. Wewe ulizisaini."

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. "Mama Baridi, umeniharibia jina," alisema.

Hebu lisikie hilo. Mtu ambaye hajaandika mstari mmoja wa barua hizo kwa miaka kumi na tano analilia jina. Mama Baridi alipandwa na mori, lakini alijikaza kisabuni, akaweka mikono nyuma. "Nakuomba uandike barua nyingine," alisema. "Kwa mkono wako. Mwisho ni Ijumaa saa sita."

"Hakuna tatizo. Niletee vidokezo."

"Sileti kitu, Profesa. Wamesema mdhamini mwenyewe."

"Sasa nitaandika nini?"

"Unachokijua kuhusu mimi. Miaka kumi na minane nafanya kazi chini ya sakafu yako."

Profesa alifungua kalenda, akaifunga. "Njoo Alhamisi," alisema.

Jioni alipitia dukani kwa mumewe. Fundi cherehani alikuwa anashona kola, akasikiliza mpaka mwisho bila kuondoa mguu kwenye pedali. Kisha akakata uzi kwa meno.

"Mimi suruali yangu naijua kwa mshono," alisema, "hata ipite barabarani imejaa matope. Hao wameona mshono mmoja kwenye nguo kumi. Walitakiwa waulize fundi ni nani. Wao wanauliza nani kaiba kitambaa."

"Sasa nifanye nini?"

"Mpigie huyo Bingwa wako. Neno lake moja tu linatosha."

Alimpigia Jumanne mchana, kwenye ngazi za nyuma ya jengo ambako mtandao hausumbui. Bingwa alipokea kwa furaha. "Mama, shikamoo. Nimekukumbuka kweli." Mama Baridi alimweleza yote.

"Mama, nilijua," alisema Bingwa. "Ile barua ilipita mezani kwangu. Waliniuliza, hii lifti si yako?"

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia ndiyo, ni yangu."

Mama Baridi alikaa chini kwenye ngazi.

"Ningesema nini, Mama? Niliieleza kwenye usaili. Nimeieleza kwenye mihadhara, kila mahali. Makala yangu ya kwanza imejengwa juu yake. Hata picha yake huwa naionyesha."

"Picha gani?"

"Ile uliyonipiga siku ya kuaga. Nimesimama mlangoni pa lifti."

Aliikumbuka. Alimwambia asogee kulia kidogo, mwanga umkamate.

"Mkataba wangu unaamuliwa mwezi ujao," Bingwa aliendelea. "Nina mtoto, Mama. Nikisema sasa, watanifukuza. Wewe una kazi yako hapo, ya kudumu. Niombee msamaha kwa Profesa, labda aandike kwamba ilikuwa kazi ya pamoja."

"Nina mtoto na mimi," alisema Mama Baridi. "Nilikuazima shati langu uvae siku ya usaili. Sikukwambia ukaseme umeshona mwenyewe, wala umkatalie mwenye nalo mlangoni."

Akakata simu. Siku hiyo hakugusa mtambo, aliogopa kuuvunja kwa hasira.

Alhamisi alifika kwa Profesa saa tatu kamili, akavuta kiti, akakaa mbele ya meza. Profesa alisema anaweza kumwachia kazi hiyo, ataandika baadaye. Akajibu kwamba hana haraka. Basi Profesa akachukua karatasi. Aliandika mstari wa kwanza bila shida, kwamba anamfahamu mwombaji kwa miaka mingi. Kisha akainua kichwa.

"Ulianza kazi hapa mwaka gani vile?"

Akamwambia.

"Na shahada yako ya uzamili, ilihusu nini hasa?"

"Uliisimamia wewe, Profesa."

Profesa alikohoa, akainama tena. Dakika kumi zilipita. Aliuliza kama mtambo ule wa baridi ulinunuliwa au ulitengenezwa. Aliuliza lile jambo la lifti, kwa kweli, bila kufichana, lilikuwa la nani, kwani yeye miaka yote alidhani ni la yule kijana mchezaji mpira. Mama Baridi alimwambia daftari la mashine lipo chini, tarehe zimo, na kijana mchezaji mpira mwaka ule alikuwa hata hajaingia chuoni. Profesa akatikisa kichwa kama mtu anayesimuliwa habari za nchi nyingine. Baada ya nusu saa alimkabidhi karatasi. Ilikuwa na mistari sita. Ilimaliza kwa kusema kwamba mwombaji ni mwaminifu na hufika kazini mapema.

Mama Baridi aliisoma, akaiweka mezani taratibu.

"Barua hii hata saa ya ukutani unaweza kuiandikia," alisema. "Nayo ni aminifu."

"Mama Baridi, chunga mdomo wako. Nakusaidia."

"Sitaipeleka. Nitawatumia daftari."

Profesa alielewa kabla hajamaliza kusema, na uso ulimbadilika. Daftari lingesema mambo matatu kwa mpigo: kwamba lifti ni ya fundi wa maabara, kwamba Bingwa amedanganya, na kwamba saini ya Profesa imekuwa ikiuza maneno asiyoyajua. "Ukituma hilo umetuzika sote," alisema. "Na wewe umo. Nani aliyeiandika barua ya uongo ya yule kijana? Mimi?"

Na hapo, ndugu msomaji, Mama Baridi aliinuka akatoka. Alirudi maabara, akafungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza wa wiki ile ya kwanza ya makelele, akatazama mwandiko wake wa ujana. Alijichukia. Alimchukia Bingwa kwa woga wake, akamchukia Profesa kwa uvivu wake, lakini mkono ulioandika kwamba Bingwa ndiye aliyekaa ukutani pa lifti ulikuwa huu huu wa kwake, tena alikuwa ametabasamu akiandika. Angeweza kupeleka ile mistari sita, akae kimya, akataliwe kwa heshima. Au aseme kweli na aseme yote.

Ijumaa saa tano na dakika arobaini alituma. Kurasa thelathini na moja za daftari, alizozipiga picha moja moja kwenye dirisha lenye mwanga, na maelezo mafupi. Aliandika kwamba barua zote kumi aliziandika yeye, kwa kuwa Profesa haandiki na vijana walihitaji. Tisa zilisema kweli. Moja, ya huyo mtafiti wao, haikusema kweli, na kosa hilo ni lake naye analikiri. Lifti ni yake. Mwisho akaandika kwamba kama wana shaka wamwekee nyaya zenye makelele mbele yake, wampe kiti na daftari, wamwache.

Jibu lilichukua siku kumi na moja. Alilisomea dukani kwa mumewe, kwa sauti, amesimama karibu na meza ya kukatia vitambaa. Jopo lilisema limelisoma daftari kwa makini na halina shaka yoyote kwamba kazi ya lifti ni yake, tena ni kazi ya kiwango cha juu. Suala la mtafiti wao litashughulikiwa ndani ya taasisi. Hata hivyo, kwa kuwa mwombaji amekiri kuandaa barua isiyo ya kweli, kanuni haziruhusu ombi lake kuendelea. Wanamshukuru kwa ukweli wake. Na kwa kuwa wamevutiwa na ustadi wake, wangependa kumjulisha kwamba maabara yao ina nafasi ya fundi, isiyo na kikomo cha umri.

Mguu wa mumewe ukatoka kwenye pedali.

"Fundi," alisema mumewe. "Wa kummiminia Bingwa baridi."

Mama Baridi alilia. Usidhani ni huzuni, alilia kwa hasira, akapiga meza kwa ngumi mpaka mkasi ukaanguka na mteja aliyekuja kuchukua gauni akarudi nyuma taratibu. Wameamini. Hilo ndilo lililomuudhi. Wangemkatalia kwa kutomwamini angepata cha kubisha. Walimwamini kila neno, wakamwonyesha mlango wa nyuma. Na Profesa, aliyesaini zote kumi, hakuandikiwa hata onyo. Jumatatu yake alipita maabara akauliza kama naitrojeni ya wiki ipo tayari.

Ofa ile hakuijibu. Mumewe alimuuliza mara moja tu, naye akasema ufundi anao tayari, haendi kuufuata kwa ndege. Muda mfupi baadaye akatimiza arobaini, binti yao akampikia keki iliyozama katikati, wakaila.

Kitu kimoja alikibadilisha, na hakumwomba mtu ruhusa. Daftari la mashine halikuwa tena la kwake peke yake. Mwanafunzi yeyote aliyegusa kifaa aliandika mwenyewe alichofanya, alichokosea, alichogundua, akaweka jina na tarehe. Waliolalamika kwamba inachosha waliambiwa kwa upole kwamba mlango uko pale.

Msimu wa matangazo ulirudi, kama kawaida. Binti mmoja wa mwaka wa mwisho, mpole, aliyefufua pampu kwa kipande cha mpira alichokichonga kutoka kwenye tairi bovu, alikuja akasimama mlangoni akishika mkanda wa begi.

"Shikamoo, Mama. Profesa amesema niandike barua mwenyewe nimpelekee asaini. Akasema wewe ndiye unayeijua kazi hiyo."

"Marahaba," alisema Mama Baridi. Akaweka bisibisi chini. Akalichukua daftari, akamshika binti mkono, wakapanda ngazi pamoja, na alipofika juu hakubisha hodi.

Profesa alikuwa anapekua karatasi. Aliona watu wawili na kitu cha kusaini, akatafuta kalamu. "Eeh, niletee."

"Kwanza soma."

"Nitasoma baadaye, Mama Baridi. Nina kikao."

"Kikao hiki hapa." Alifunga mlango, akamvutia binti kiti, yeye mwenyewe akabaki amesimama. Akafungua daftari mbele ya Profesa, akalisukuma mpaka likagusa tai yake. "Kuanzia hapa mpaka hapa, kurasa kumi na tisa. Soma kwa sauti. Ukimaliza utaandika ulichosoma, kwa maneno yako. Hatuondoki."

Profesa alimtazama usoni, akatazama mlango, akamtazama tena. Sijui aliona nini, lakini aliivaa miwani. Aliinamia ukurasa wa kwanza, akafuata mstari kwa kidole, akasoma tarehe, akasoma saa, akasoma kuhusu pampu. Kisha akainua kichwa.

"Mwandiko huu ni wa nani?" aliuliza.

"Muulize," alisema Mama Baridi. "Amekaa mbele yako."